Walipokwenda Kutafuta Mtoto

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya benki mjini Bungoma wakati Baba aliponitumia picha akiwa juu ya ngamia. Baba ana goti bovu. Daktari amemkataza kupanda hata ngazi za jukwaa la kwaya, na mimi ndiye niliyempeleka kwa huyo daktari, nikakaa naye kwenye benchi tangu asubuhi, nikasikiliza maelezo yote kwa niaba yake kwa sababu yeye alikuwa anamhubiria muuguzi. Sasa yuko Yeriko juu ya ngamia, anacheka, na Mama amesimama chini ameshika mikoba yote, uso umekunjamana kwa jua. Chini ya picha Baba ameandika: "Bwana asifiwe. Joto ni kali lakini neema inatosha." Nilisonya kwa sauti hadi askari wa mlangoni akageuka kuniangalia.

Wenzangu wa rika langu hulalamika kwamba wazazi wao wamezeeka na hawataki kutoka nyumbani. Wangu hawataki kukaa. Ukiwatafuta Kitale utaambiwa wako Nazareti. Ukipiga simu kuuliza habari ya ng'ombe aliyezaa, utajibiwa habari ya bahari isiyozamisha mtu. Nilipoiangalia ile picha mara ya pili, hasira ikapanda zaidi, maana hiyo haikuwa picha ya kwanza ya ngamia maishani mwangu. Ya kwanza niliiona nikiwa mtoto, Baba akiwa bado na nywele, na siku ile nilikasirika kuliko nilivyokasirika juzi.

Tulikaa Kitale. Baba aliajiriwa ofisi ya kilimo, Mama alikuwa na duka la mbegu na nafaka karibu na soko, na nyumba yetu ilinukia magunia mapya na vumbi la mahindi. Baba ni Mbukusu wa Kabuchai. Mama ni Mkikuyu ambaye wazazi wake walinunua shamba Trans-Nzoia kabla hajazaliwa. Nyanya yangu wa Kabuchai, mama yake Baba, ambaye tulimwita Kukhu, hakujua Kikikuyu hata neno, na Mama alikuwa amejifunza Kibukusu cha kusalimia na kushukuru tu. Kwa hiyo walizungumza Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya kwa mama yake, na kila mmoja alisema kidogo kuliko alichokuwa nacho rohoni.

Safari zilianza sijaanza shule. Wengine walinunua trekta, wengine walijenga nyumba za kupangisha. Wazazi wangu walikwenda mahali patakatifu. Wakirudi, nyumba nzima ililipa gharama ya utakatifu huo. Kwenye friji kulikuwa na chupa ya maji ya Yordani, haina tofauti yoyote na chupa ya maji ya bomba iliyosimama karibu nayo, na ole wako ukikosea. Kulikuwa na chumvi ya Bahari ya Chumvi ambayo hairuhusiwi kutiwa kwenye mboga. Kulikuwa na mafuta ya mizeituni ya kupaka wagonjwa, na kwa kuwa wagonjwa hawakutosha, Baba alimpaka kuku aliyevunjika mguu. Mezani hatukula tena sato kwa amani. Alikuwa ni samaki wa Petro, na kabla hujamgusa lazima uambiwe Petro alimvulia wapi. Mgeni akisema mvua imechelewa mwaka huu, Baba alivuta kiti, akaanza: "Hamjaona ukame nyinyi. Tulipokuwa Yudea..." Mama alikuwa akiinuka kwenda jikoni kila aliposikia "tulipokuwa". Niliona hilo, ila sikujua ni la nini.

Wakisafiri, nililelewa na Senge, dada mdogo wa Baba, aliyekuja kutoka Misikhu na sanduku lake na mdomo wake. Senge hakuwa na siri, si kwa ubaya, ni kwamba kitu kikiingia sikioni mwake kilitafuta njia ya kutoka. Siku moja alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo huku akiongea na jirani ng'ambo ya ua, nami nimekaa miguuni pake naondoa mawe.

"Wameenda tena?" jirani aliuliza.

"Wameenda bana. Si unajua walipoteza mtoto? Tangu hapo ni kutafuta tu. Mwaka juzi Namugongo, saa hii ni huko kwa Raheli. Wanatafuta mtoto."

"Mungu awasaidie wapate."

"Ati wapate. Si lazima watapata, hiyo nauli yote?"

Mtu mzima anaelewa maneno haya bila kufafanuliwa. Kiswahili chetu kina haya. Hakisemi mtoto alizaliwa amekufa. Kinasema mama alimpoteza. Hakisemi mume na mke wanaomba mimba; kinasema wanatafuta mtoto. Ni lugha nzuri ya kuwafunika watu wazima, lakini mimi nilikuwa mtoto, na kwangu kitu kikipotea kinatafutwa, tena kinatafutwa pale kilipopotelea. Nikajua siku ile kwamba nina ndugu, na nikaamua ni wa kiume. Nikajua pia kwamba wazazi wangu, kwa uzembe wao, walikuwa wamemwacha mahali fulani safarini.

Ushahidi ulikuwa mwingi. Tulisali rozari kila jioni, na tendo la tano la furaha lilikuwa hilo hilo: wazazi wameenda Yerusalemu, wameanza kurudi nyumbani, kumbe mtoto hayuko, wanarudi kumtafuta, wanamkuta hekaluni. Nilishangaa jinsi watu wanavyoweza kulisali tendo lile huku wanasinzia. Hata Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, iliingia vizuri katika hesabu zangu. Walivukia mpakani Lwakhakha na kikundi cha parokia, wakarudi na rozari za mbao na miguu iliyovimba, bila mtoto. Nikaona sawa, mtu huanza kutafuta karibu. Hawakumpata Uganda, basi wameenda mbele.

Waliporudi kutoka kwa Raheli niliwangojea langoni nimevaa gauni la Jumapili, na ndani nilikuwa nimemtengea kijana wetu upande wa ukutani wa kitanda changu, kwa kuwa yeye ni mgeni. Gari likasimama. Akashuka Baba, akashuka Mama, yakashuka masanduku. Nikachungulia ndani ya gari. Hakuna mtu.

"Mlimpata?" nilimuuliza Baba.

Baba aliweka sanduku chini. Macho yake yaling'aa. "Tulimpata, mama," alisema, maana ndivyo alivyozoea kuniita. "Safari hii tulimpata kabisa."

"Yuko wapi?"

Akajigonga kifuani na kiganja. "Yuko hapa."

Nilimwangalia kifua, nikaangalia mifuko ya koti. Mtu mzima na akili zake ananiambia mtoto yuko hapa, na hapa ni shati. Nikamgeukia Mama, nikitegemea yeye atasema kitu cha maana, lakini Mama alikuwa ameshanipita kuingia ndani. Alikuwa amekonda, na mkononi alikuwa na uzi mwekundu uliofungwa kwa fundo dogo. Baadaye nilipomuuliza ni wa nini alisema alifungiwa na mama mmoja Myahudi kaburini kwa Raheli, kule Bethlehemu, kwamba hata wao huenda pale kulia wakitafuta mtoto. Nikasema moyoni, kumbe watu wengi wamepotelewa pale, na bado hakuna anayefunga lango.

Sijui kama mnakumbuka hasira ya mtoto anayejua kitu ambacho wakubwa wanajifanya hawakijui. Inachosha. Nilikuwa nikilala nikiwaza huyo kijana anakula nini. Tukila kuku nilimuuliza Mama kama na huko wana kuku, naye akafikiri nauliza mambo ya jiografia. Halafu zikaja picha kutoka kwa mpiga picha, zikawekwa kwenye albamu yenye plastiki, nami nikaketi kuzikagua kwa makini. Baba anaelea baharini, tumbo juu. Baba anakula samaki. Baba na kikundi chote wanaimba ndani ya mashua. Baba juu ya ngamia. Mama yuko pembeni ya kila picha, anaangalia kitu kingine. Hapakuwa na hata picha moja ya mtu anayetafuta. Mtu amepotelewa na mtoto, na anapanda ngamia. Ukiniuliza leo, bado naona nilikuwa na haki ya kukasirika.

Basi Baba akaamua pafanyike ibada ya shukrani nyumbani kwao Kabuchai, ili ukoo nao ubarikiwe. Turubai likafungwa uani, kati ya nyumba ya Kukhu na shamba la miwa. Ng'ombe alichinjwa. Padri alikuja, katekista alikuja, wazee wa ukoo walikuja mapema wakakaa karibu na upande wa jikoni. Kukhu alikaa kiti cha mbele na kitambaa chake cheupe kichwani, mikono imelala mapajani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mimi nilipewa soda, nikanywa nusu kisha nikaziba kwa kidole. Ile nusu nyingine nilikuwa namwekea yule kijana, kwa sababu nilishaamua kwamba siku hiyo, mbele ya padri, mambo yatakwisha.

Baada ya misa Baba akashika kipaza sauti. Alisimulia Bethlehemu. Alisimulia Galilaya. Albamu ikapita mkono hadi mkono, ikipata mafuta ya nyama. Alisimulia Ukuta wa Kulia, jinsi Wayahudi wanavyosimama pale wameweka paji la uso kwenye mawe, na jinsi yeye na Mama walivyosimama nao, wanaume kwao, wanawake kwao, na kila mtu akaomba haja yake. Miwa ilikuwa inavuma nyuma ya turubai, wali ulikuwa umeshaiva, watu walikuwa wanameza mate. Baba hakuona. Akasema, "Mwenye swali aulize. Kuuliza si ujinga."

Hakuna aliyekuwa na swali. Watu walikuwa na njaa. Mimi nikainua mkono.

"Ehe, mama," Baba alisema kwa fahari, akamwambia katekista aniletee kipaza sauti.

"Mlimtafuta ukuta wa kulia peke yake?" nikauliza. "Na wa kushoto je?"

Watu wakacheka sana. Hata padri alicheka, akafuta macho. Sikuona cha kuchekesha, na kicheko chao kilinitia wazimu.

"Nauliza mtoto," nikasema. "Mtoto yule mlipoteza. Senge alisema mnaenda kumtafuta. Mbona mnapiga tu picha? Mbona Baba anapanda ngamia na hajamtafuta? Kama mmeshindwa semeni, si mimi naweza kwenda."

Kicheko kilikatika. Senge alikuwa amebeba sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole, akajifanya anakagua vikombe. Baba alimnyooshea katekista mkono arudishiwe kipaza sauti. Mama hakulia. Alikaa wima, macho kwenye meza ya altare, kama mtu aliyeitwa jina lake ofisini na hajui ni kwa jema au kwa baya.

"Hii mtoto imesikia maneno ya watu wakubwa," Baba alisema hatimaye. "Padri, tuombee chakula."

"Ngoja," Kukhu alisema.

Alisimama. Hakuhitaji kipaza sauti. Alitembea mpaka alipokuwa Mama, akasimama mbele yake, mkwe na mkwe, mbele ya watu wote, jambo ambalo kwa desturi halikuwa zuri.

"Mayi," akamwita kwa Kibukusu, yaani mama. "Mimi nirikuwa nangoja wewe uniurize. Miaka yote. Nikasema, ataniuriza tu siku moja. Hukuniuriza."

Mama akainua uso. "Mimi nilikuwa nangoja uniambie, Mama. Niliambiwa kwenu haiulizwi."

"Nani arikuambia?"

Mama hakumtaja. Hakuwa na haja, kwa sababu Baba alikuwa ameanza kuvingirisha waya wa kipaza sauti ambao haukuhitaji kuvingirishwa.

Yaliyobaki niliyajua vipande vipande baadaye, lakini naweza kuyaweka hapa yakiwa mazima. Nilipokuwa bado nabebwa mgongoni, Mama alizaa mtoto wa kiume katika hospitali moja Bungoma, na mtoto hakulia. Mama mwenyewe alikuwa mahututi. Alipopata fahamu, mtoto hakuwepo. Kukhu na wanawake wengine wazee walikuwa wamemchukua wakamzika Kabuchai bila sala na bila kelele, kama walivyozoea kuwazika watoto wa namna hiyo, na Baba akamwambia mkewe kwamba kwao mambo hayo yakishafanywa na wazee hayaulizwi tena. Labda aliamini hivyo. Labda hakuweza kulitamka tu. Baba yangu anaweza kuongea juu ya kaburi la Daudi tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana, lakini hili dogo halikupita kooni mwake. Akaona mke wake anafifia, akafanya alichoweza, akakata tiketi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, kila mtu anajua, lakini yeye alikuwa tayari kwenda kuitafuta mpaka ng'ambo ya bahari kuliko kuokota iliyokuwa uani kwa mama yake. Nampenda baba yangu na nimemsamehe mengi. Hili bado linanichosha.

Kukhu alimshika Mama mkono, wakatoka chini ya turubai. Padri alitaka kufuata, Kukhu akamwonyesha kiganja, padri akakaa. Mimi nilifuata bila kuulizwa, na soda yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyelianzisha na sikuona mwingine mwenye haki zaidi. Tulizunguka jikoni, tukapita banda la ndama, tukaingia kwenye migomba. Nilikuwa natazama kati ya majani. Nilidhani atatokea pale. Nilijiuliza kwa nini alikuwa amekaa kwa Kukhu muda wote huu na hakuna aliyetuambia, na nikapanga kumgombeza Kukhu pia.

Kukhu akasimama kwenye mgomba mmoja mnene uliozungukwa na machipukizi. Chini palikuwa safi, pamefagiwa. Kote kwingine majani makavu yalijaa, lakini pale palikuwa na alama za ufagio.

"Ni hapa," alisema.

Nikaangalia chini, nikaangalia juu. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na udongo tu, na nikaelewa udongo ule ni nini, maana nilishawahi kuona watu wakizikwa. Mkono ulianza kuniuma kwa kushika chupa. Nilisikia majani nyuma yetu, nikageuka, na Baba alikuwa amesimama mwanzoni mwa migomba na suti yake ya kijivu, hasogei wala harudi.

Mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa na nywele?"

"Nywere nyingi," Kukhu alisema. "Na arikuwa mrefu. Nirimwosha mimi mwenyewe, na maji moto. Nikamfunga na shuka yangu ya kanisa. Masikio yarikuwa ya huyu." Akamwelekezea Baba kidevu.

Mama aligeuka akamtazama Baba masikioni kwa muda mrefu, kama hajawahi kuyaona. Baba ana masikio makubwa. Akayashika mwenyewe kwa mikono miwili, sijui kwa nini, akabaki ameyashika. Mama alitoa sauti ambayo nilidhani ni kicheko, na labda mwanzo wake kilikuwa kicheko kweli, kisha ikageuka, akalia kama sijamsikia akilia kabla wala baada ya hapo, hadi watu chini ya turubai wakaacha kuongea. Kukhu hakumnyamazisha. Alisimama karibu naye akiangalia mbele.

Alipoweza kupata pumzi, Mama alimwambia Baba, "Na wewe siku zote hizi ulikuwa unanipeleka wapi?"

Baba aliyaachia masikio. Akaja, akavua koti la suti, akalitandika pale palipofagiwa, na Mama akakaa.